Moto Usioguswa

Kivela, Michigan, 7 Septemba 2014

Kaka Arvid,

Mko salama huko Milwaukee? Natumaini mgongo wa Baba Mkubwa umepoa, na Mama Mkubwa bado anacheka peke yake mbele ya televisheni. Sisi wazima. Bibi Saima goti linamsumbua, lakini viazi kavivuna mwenyewe, kwa sababu sisi wengine, anasema, tunavitoboa. Mama amerudi kupika shuleni kwetu, kwa hiyo sasa napakuliwa chakula na mama yangu mzazi mbele ya darasa zima, na huniuliza kwa sauti kama nimevaa soksi nzito.

Nisamehe kwa kuandika badala ya kupiga simu. Unanijua. Kwenye simu maneno hunikwama, halafu najikuta nimekubali kila kitu.

Tangu uondoke, hapa ni Arvid asubuhi, Arvid jioni. Mchoro wako wa boila mpya ya kuni Babu kaubandika ukutani, juu ya meza yake ya kuchomelea. Mgeni yeyote akiingia karakana lazima auone. "Kazi ya mjukuu wangu hiyo," anamwambia. "Chumba cha pili cha moto, huku chini, ili moshi wenyewe uungue kabla haujapanda bombani. Kakichora kabla chai haijapoa."

Si kweli. Ulikichora siku nne, na mimi nilikushikia rula.

Sisemi kwa ubaya. Mchoro ni mzuri, na boila mpya inatoa moshi mwembamba mpaka Bibi alidhani imezimika. Lakini ile boila ya zamani hapo uani, inayopasha maji ya nyumba nzima, ni mimi ninayeilisha kuni kila asubuhi kabla ya basi la shule, tangu nikiwa na miaka tisa. Naingia darasani nikinuka. Wananiita Samaki wa Moshi. Hakuna aliyewahi kunibandika ukutani.

Sasa, jambo lenyewe. Maabara imempa Babu nafasi mwezi wa Novemba. Watapima boila mpya inatoa moshi kiasi gani, na joto kiasi gani kwa kuni kiasi gani. Ikifaulu inapata kibandiko. Isipofaulu, sheria mpya ya moshi ikianza Babu haruhusiwi kuuza hata moja, na karakana itafungwa. Wanamruhusu aingie na msaidizi mmoja tu. Juzi mezani alisema, "Atakayesimama nami kule ndiye nitakayemfundisha kuchomelea, na karakana itakuwa yake." Hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa na pai mdomoni.

Wewe hujasikia lolote?

Dada yako,
Hilja


Milwaukee, 28 Septemba 2014

Dada Hilja, Samaki wa Moshi wetu (usinipige),

Salamu zako zimefika. Mkate wa iliki wa Bibi nao umefika, mgumu kama tofali. Baba kauchovya kwenye kahawa akaumaliza wote, kisha akaokota hata makombo. Nadhani alikumbuka nyumbani, ila ukimwuliza atakwambia ni mgongo. Mama anasema njoo Krismasi, ingawa anajua hutakuja.

Unasema husemi kwa ubaya. Nimesoma barua yako mara mbili na ubaya nimeuona, umejificha nyuma ya viazi. Sawa, nami nina wangu. Unajua hapa joto letu linatoka wapi? Ukutani. Hakuna anayejua kaliwasha nani. Jumamosi jioni, wakati ninyi mnatoka kwenye mvuke wa sauna mkiwa wekundu kama nyanya na kukaa kibarazani miguu mitupu, mvuke ukiwatoka vichwani, mimi namsikiliza jirani wa ghorofa ya juu akiburuta viti. Mimi nilipata Babu wa likizo moja. Wewe una Babu wa maisha yote, halafu unanionea wivu kwa karatasi moja ukutani!

Ndiyo, hunipigia simu Jumapili. Tunazungumza matofali. Ya chumba cha chini yakishika joto la kutosha, moshi unawaka. Yakipoa, unajipitia zake na kwenda kukohoza watu. Ni hayo tu, na mengine madogo madogo.

Kuhusu Novemba sijui lolote.

Nimebanwa na mtihani wa hesabu, naishia hapa. Nisalimie boila zote mbili.

Arvid


Kivela, 19 Oktoba 2014

Kaka Arvid,

Sote hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Lori la Baba la magogo limekwama msituni likavutwa na trekta la jirani, kwa hiyo Baba haongei na jirani.

Jana Bibi alikuwa anakanda unga, mimi natwanga iliki. Akasema, "Ongeza, mwanangu, maana Arvid atabeba mikate miwili."

"Atabeba kwenda wapi, Bibi?"

"Si maabara na babu yako? Wamepanga tangu mwanzo wa Septemba." Akanitazama. "Ala! Kumbe hukuambiwa."

"Nimeambiwa," nikasema.

Iliki niliyoitwanga baada ya hapo Bibi aliipuliza ikapaa.

Mwanzo wa Septemba, Arvid. Barua yako ni ya tarehe ishirini na nane.

Sikulia mbele yake. Nilitoka kwenda kwa boila ya zamani, nikafungua mlango nikatupa magogo kwa nguvu mpaka cheche zikaniunguza kofia. Nilikuwa nafikiria mikono yako. Ilikuwa laini ulipokuja, na ulipopata lengelenge la kwanza Babu alilionyesha kwa watu kama medali. Malengelenge yangu hakuna aliyeyahesabu.

Basi, nenda. Nakutakia heri, na najua wewe ni mtu mwangalifu. Kuna jambo moja la kujua kuhusu Babu na moto, lakini wewe ni mhandisi, utaligundua mwenyewe.

Bibi anauliza kama bado hupendi zabibu kwenye mkate. Nimemwambia unazipenda.

Hilja


Milwaukee, 23 Novemba 2014

Dada Hilja,

Natumaini hamjambo, na Baba Mdogo ameshapatana na jirani. Mikate nimeila yote. Ilijaa zabibu.

Tumerudi salama. Maabara ni ghala kubwa, safi kuliko hospitali. Msimamizi wetu ni Bi. Pruitt, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Boila waliiweka juu ya mizani yenye ukubwa wa chumba changu, ili wajue kuni zinapungua vipi. Juu ya bomba wakaning'iniza kofia kubwa ya bati inayonyonya moshi wote na kuupitisha kwenye vikaratasi vyeupe. Kikaratasi kikichafuka sana, umekwisha. Kuni ni zao, zimepimwa unyevu gogo kwa gogo. Babu alinusa moja akasema si mbaya.

Mwako wa kwanza, kati ya minne, ulikwenda vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu Bi. Pruitt alikitazama kikaratasi akasema, "Mh!" na Babu akanikanyaga mguu kwa furaha.

Wa nne haukuhesabiwa.

Hotelini vitanda vilikuwa vizuri, ila Babu alilala juu ya blanketi na koti lake. Timu yetu ya hoki imefungwa mara tatu mfululizo. Theluji huku bado.

Arvid


Kivela, 14 Desemba 2014

Arvid,

Sote tuko hai. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo.

Babu amerudi na boila, kaifunika turubai, hajaigusa. Jumamosi zote tangu arudi, sauna imewashwa na Baba. Babu huingia mwisho na kutoka wa kwanza. Mchoro wako bado uko ukutani lakini haonyeshi mtu. Bibi alimwuliza kilichotokea, akajibu, "Kimetokea." Kisha akasema maabara imempa nafasi moja ya kurudia mwako ule mwezi wa Machi, ya mwisho kabla ya sheria, lakini hajui kama atakwenda.

Nikuambie ukweli? Niliposoma "haukuhesabiwa" nilikwenda bandani nikacheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, katikati ya kuni. Nilifikiri, sasa wataona. Halafu nikatoka nikamwona Babu anafagia theluji mlangoni kwa karakana ambayo hakuna anayeingia. Anafagia tu. Kicheko kikaniganda tumboni na bado kiko huko.

Naweza kukisia kilichotokea, kwa sababu nilikijua kabla hamjaenda. Babu hawezi kuacha moto peke yake. Baba yake alimlea hivyo, kwamba mwenye kuwasha ndiye mwenye kukaa nao. Akiwa karibu na moto lazima afungue mlango, autazame, asogeze gogo hata moja. Hapa tulipokuwa tunajaribu ule mwako mrefu wa mwisho, nilikuwa namtuma akawashe sauna. Akipata moto mwingine wa kulea, huu anausahau. Wewe ulikuwa ndani unasoma vipimo, hukuona. Nami sikukuambia.

Sasa niambie alifanya nini. Usiniletee habari za hoki.

Hilja


Milwaukee, 4 Januari 2015

Hilja,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Mama amepata zamu ya asubuhi na Baba ameacha kahawa kwa amri ya daktari, kwa hiyo nyumba nzima tunatembea kwa vidole.

Barua yako niliichana, kisha nikaiunga kwa gundi ili niijibu vizuri.

Mwako wa nne ndio mgumu kuliko yote, unajua. Boila inatakiwa kutoa joto dogo sana, hivyo moto unanyimwa hewa na kulala, na moto uliolala ndio wenye moshi. Bi. Pruitt alieleza wazi kwamba kuni zikishaingia, mlango haufunguliwi mpaka mwisho. Babu akaitikia kwa kichwa. Saa zikapita. Akaanza kuzunguka.

"Umelala," akaniambia.

"Ndivyo wanavyotaka, Babu."

"Umelala vibaya."

"Kaa basi, Babu."

"Nimekaa." Alikuwa amesimama.

Niligeuka kutazama namba kidogo tu, nikasikia komeo la mlango wa boila. Moshi ukatoka wote kwa pamoja kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Bi. Pruitt akaja mbio, miwani ya kichwani ikamwangukia puani.

"Mzee Kangas! Umefungua?"

"Nimeusalimia tu," Babu akasema. Mkononi ana chuma cha kuchochea, sijui alikitoa wapi. Nadhani alikuja nacho kutoka nyumbani, ndani ya koti.

Kikaratasi kilichokuwa na rangi ya chai ya maziwa kikatoka cheusi. Bi. Pruitt hakufoka. Heri angefoka.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa msaidizi, na kazi pekee ya msaidizi ilikuwa ile. Na kwa sababu ya jambo jingine. Babu alinisindikiza hadi kituo cha basi. Nilipokuwa nashusha begi akasema, "Hilja angenikalisha chini."

Siku zote tulizokaa kule, Hilja, ilikuwa hivyo. Hilja angesikia kwa sikio kama feni ya boila imechoka. Hilja hapangi kuni namna hiyo. Nimesafiri siku nzima kwa basi ili niwe na Babu peke yangu, na bado ulikuwepo, umekaa katikati yetu.

Wewe ulijua ukanificha. Mimi nilijua nikakuficha. Tuko sawa, na hainisaidii chochote.

Arvid


Kivela, 8 Februari 2015

Kaka Arvid,

Natumaini mmeanza kutembea kwa nyayo. Hapa theluji imefika madirishani, na Bibi amemfundisha Baba kufuma soksi ili aache kulalamika. Na jirani tumepatana, trekta lake nalo limekwama.

Sikujua kwamba Babu hunitaja. Mbele yangu hajawahi. Nilisoma mstari ule nikaubeba shuleni, nikamwaga supu.

Sasa sikiliza. Jumapili mezani nilisema. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeandika maneno kiganjani, jasho likayafuta.

"Babu, Machi nataka nisimame mimi."

Babu akaweka kijiko chini. "Na Arvid?" akauliza.

"Arvid atakaa na wewe."

"Wapi?"

"Kwenye sauna."

"Sauna gani, kule maabara Wisconsin?"

"Ile ya trela, unayoivuta kwenda ziwani kiangazi. Tutaiegesha uani kwa maabara. Utawasha, utakaa na moto wako. Mimi nitakaa na ule mwingine."

Bibi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Babu akawa mwekundu. "Yaani mnanitoa njiani kama mtoto mdogo?"

"Ndiyo, Babu," nikasema.

Akala viazi vyote kwenye sahani. Kisha akamwambia Bibi, "Tairi la trela linahitaji upepo."

Baba amempigia simu Bi. Pruitt. Yeye akasema trela iegeshwe upande ule ambao upepo unaondoka, na kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuombwa kitu kama hicho.

Kwa hiyo ndani, wa kusimama na boila, ni mimi. Nimepata nilichokitaka. Na tangu jana naona nilichokifanya: nimekupa wewe Babu mzima kwa siku nzima, kwenye mvuke, mahali ambapo ndipo anaposimulia yale ya ujana wake ambayo hasimulii popote. Mimi nitakuwa natazama namba. Nilifikiria kubadilisha. Nilifikiria mara nyingi. Lakini ukiwa wewe ndani hatatulia, na nikiwa kwenye sauna mimi sitatulia.

Usimfanye acheke sana. Kuta za trela ni nyembamba, nitasikia.

Hilja


Milwaukee, 22 Machi 2015

Dada Hilja,

Nyumbani wote wanakusalimu. Mama amewaambia majirani wa juu na wa chini kuhusu kibandiko, na jirani wa viti amekuja na keki, kwa hiyo sasa tunajuana. Baba alisoma jina la Kangas kwenye ile picha uliyotutumia, akaiweka kwenye pochi, akasema mgongo unamuuma.

Hongera. Sikusema siku ile. Ulitoka mlangoni na majibu, umepauka kama unga, Bi. Pruitt nyuma yako ameshika kikaratasi kwa koleo, bado cha rangi ya krimu, na Babu akakuvalisha koti lake juu ya koti lako. Mimi nilikuwa nafunga trela. Nilifunga mnyororo ule mara tatu ili nisigeuke.

Bibi ameniambia kwamba umeshaanza karakana, na kwamba kofia ya kuchomelea inakufika kifuani. Vizuri.

Kwenye gari uliniuliza tulicheka nini mule ndani, na nikasema, "Hakuna." Ulikunja uso hadi kituo cha basi. Nilikuona. Basi nikueleze, kwa sababu umelala na wivu usio na sababu, na mimi nina wenye sababu.

Tulicheka mwanzoni tu. Alisimulia alivyomkimbiza dubu kwa taulo ya Bibi, kabla hawajaoana. Akamwaga maji kwenye mawe, nikakimbilia benchi ya chini, akanicheka. Hayo ndiyo uliyoyasikia.

Kisha akaweka kopo la maji chini. Moto wa sauna ukapungua. Nikamngoja aongeze kuni, maana si ndiyo ilikuwa hila yetu, awe na moto wa kulea? Hakuongeza. Mawe yakaacha kulia. Jasho likanikauka mgongoni. Pale mlangoni kuni zipo, amezipasua mwenyewe.

"Babu, moto unakufa," nikasema.

"Naona."

"Niongeze?"

"Acha."

Ukazimika kabisa, Hilja. Tukakaa wawili kwenye sauna ya baridi, tumejifunga taulo, na nje theluji. Nikajua sasa atainuka, hana moto tena, atakwenda kwako. Nikasogeza mguu ili nimzuie. Hakuinuka. Nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Hutaki kwenda kuutazama ule mwingine?"

Akanishangaa. "Nikautazame ya nini?" akasema. "Hilja yuko nao."

Akaegemea ukuta akasinzia, mpaka ulipogonga kusema mwako umekwisha.

Nimelifikiria kila siku tangu nirudi. Sikukasirikii. Ningependa kukukasirikia, ingekuwa rahisi. Lakini Novemba nilikuwa nimesimama palepale ulipokuwa wewe, karibu na ule mlango kuliko yeye. Alinipita akaufungua. Nilikuwa pale, Hilja, na kwake moto ulikuwa peke yake.

Arvid